Uzamili wa Uuguzi Ng'ambo: Shahada Si Leseni

Somo kwa wauguzi na wakunga wanaokusudia kusoma nje ya nchi, na kwa familia zinazowachangia

Utangulizi

Si ajabu siku hizi kumkuta katika wodi zetu muuguzi mwenye barua ya udahili kutoka chuo kikuu cha ng'ambo. Barua hiyo hupokelewa nyumbani kwa furaha kubwa. Wazee hukaa kikao, kiwanja huwekwa rehani, mkopo huchukuliwa katika chama cha akiba, na michango hukusanywa kama ile ya harusi. Kila anayechangia huamini kwamba baada ya mwaka mmoja ndugu yao atakuwa amevaa sare ya uuguzi katika hospitali ya Uingereza, na kwamba mshahara wake wa kwanza utaanza kulipa madeni.

Barua ya udahili haitoi ahadi hiyo. Inaahidi jambo moja tu: mhusika akilipa ada, akasoma na akafaulu, chuo kitamtunuku shahada. Ruhusa ya kumhudumia mgonjwa kama muuguzi hutolewa na chombo kingine kabisa, kwa masharti mengine na kwa mitihani mingine. Wanaolitambua jambo hili baada ya ada kulipwa huwa wamechelewa.

Makala hii inakusudia kumwezesha msomaji kutofautisha shahada na leseni, kuzitambua aina za programu zinazotangazwa kwa wauguzi waliofuzu nje ya Uingereza, kupiga hesabu ya gharama kwa uaminifu, na kuelewa kile ambacho masomo ya uzamili humwongezea muuguzi na mgonjwa wake. Tumeichagua Uingereza kuwa mfano kwa sababu lugha ya kufundishia katika vyuo vyetu vya uuguzi ni Kiingereza, na uzamili wa huko huchukua muda mfupi.

Milango miwili

Elimu na usajili ni milango miwili ya nyumba moja, lakini kila mlango una ufunguo wake.

Mlango wa kwanza ni wa chuo kikuu. Chuo hutazama shahada ya kwanza ya mwombaji, matokeo yake, uzoefu wake wa kazi na kiwango chake cha Kiingereza. Akikubaliwa, husoma masomo yenye jumla ya krediti 180, kipimo cha kawaida cha shahada ya uzamili nchini Uingereza. Kwa mwanafunzi wa muda wote hukamilika katika mwaka mmoja, na kwa kawaida tasnifu huchukua krediti 60 kati ya hizo.

Mlango wa pili ni wa baraza la taaluma. Nchini Tanzania kazi hiyo hufanywa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Nchini Kenya lipo Baraza la Wauguzi la Kenya. Nchini Uingereza ni Baraza la Uuguzi na Ukunga la nchi hiyo, linalojulikana kwa kifupi kama NMC. Baraza hilo halimuulizi mwombaji ana shahada ngapi. Linauliza kama mafunzo yake ya awali yalimwezesha kusajiliwa kuwa muuguzi, kama baraza la kwao linathibitisha kuwa hana doa, kama anaijua lugha ya kazi, na kama anaweza kuwahudumia wagonjwa kwa usalama.

Kwa sababu hiyo, muuguzi mwenye stashahada aliyesajiliwa na baraza la kwao anaweza kufaulu mitihani ya NMC na kufanya kazi Uingereza bila kukanyaga darasa la uzamili. Mwenzake anaweza kutunukiwa shahada ya uzamili ya uuguzi katika jiji lilelile na asiruhusiwe kumchoma mgonjwa sindano hata moja. Sheria ya Uingereza inailinda hadhi ya muuguzi aliyesajiliwa, na asiye kwenye daftari la NMC haruhusiwi kujitambulisha kwa hadhi hiyo, hata awe na shahada ngapi.

Aina tatu za programu

Matangazo ya vyuo hutumia majina yanayokaribiana sana, na mwombaji asipokuwa makini huziona programu zote kuwa kitu kimoja. Kwa jumla zipo za aina tatu.

Aina ya kwanza ni uzamili wa kumwandaa mtu kuwa muuguzi. Umekusudiwa mwenye shahada ya fani nyingine anayetaka kuingia katika uuguzi. Kwa kawaida huchukua miaka 2, una saa nyingi za mafunzo kwa vitendo wodini, na humstahilisha mhitimu kuomba usajili wa NMC. Mtu ambaye tayari ni muuguzi kwa kawaida si mlengwa wake.

Aina ya pili ni uzamili wa kuendeleza wauguzi, na mara nyingi hutangazwa mahususi kwa wauguzi waliofuzu katika nchi nyingine. Humo mwanafunzi hujifunza utafiti, uongozi, ufundishaji, sera za afya na matumizi ya ushahidi wa kisayansi katika huduma. Kwa kawaida programu hizi hazimpi mwanafunzi nafasi ya kuwahudumia wagonjwa. Chuo kikimpeleka hospitalini, humpeleka kama mtazamaji. Hii ndiyo programu inayowapata wauguzi wengi wa kwetu, na ndiyo inayodhaniwa kimakosa kuwa inaambatana na leseni.

Aina ya tatu ni uzamili wa utabibu wa juu wa muuguzi, yaani ule unaomwandaa muuguzi kuchunguza mgonjwa, kutambua ugonjwa na kupanga tiba kwa mamlaka mapana zaidi. Kwa kawaida hudai kwamba mwanafunzi awe tayari amesajiliwa na NMC, awe ameajiriwa, na mwajiri wake akubali kumsimamia. Muuguzi anayetoka moja kwa moja Dodoma au Kisumu kwa viza ya mwanafunzi ni vigumu kuzitimiza sharti hizo.

Kabla ya kuomba, fungua maelezo ya programu na utafute sentensi inayosema kama masomo hayo yanamwezesha mhitimu kusajiliwa. Usipoiona, kiandikie chuo barua pepe uulize kwa maneno ya wazi. Jibu la maandishi kutoka chuoni ni kinga bora kuliko maelezo ya mdomo ya wakala. Ikumbukwe pia kwamba mawakala wengi wa wanafunzi hulipwa kamisheni na vyuo kwa kila mwanafunzi anayesajiliwa. Hilo peke yake si kosa, lakini mwombaji anapaswa kujua nani anafaidika na nini anapoambiwa kwamba mambo yote yatajipa hukohuko.

Njia ya usajili ilivyo

Muuguzi anayekusudia kufanya kazi Uingereza huwasilisha maombi yake NMC akiwa nyumbani. Hati zake zikikubaliwa, hupimwa umahiri kwa sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni mtihani wa kompyuta, unaofanyika katika vituo vilivyoidhinishwa katika nchi nyingi. Una fungu la hesabu lenye maswali 15, na fungu la uuguzi lenye maswali 100. Hesabu zake ni zile za kila siku wodini: mgonjwa akiandikiwa lita 1 ya maji ya dripu kwa saa 8, pampu itawekwa mililita 125 kwa saa. Ugumu upo katika kufanya hesabu hizo kwa usahihi chini ya shinikizo la muda.

Sehemu ya pili ni mtihani wa vitendo, na hufanyika Uingereza pekee, katika vituo vichache maalumu. Mtahiniwa hupita katika stesheni 10. Stesheni 4 hufuata mchakato wa uuguzi kwa mpangilio wake: kutathmini hali ya mgonjwa, kupanga huduma, kuitekeleza na kuipima matokeo yake. Zilizobaki hupima ustadi wa kazi, maadili na matumizi ya ushahidi. Mtahiniwa hupewa nafasi 3 kwa ombi moja. Wauguzi wa kwetu wenye miaka mingi kazini hujikwaa zaidi katika yale wanayoyafanya kimyakimya: kunawa mikono kwa hatua zote, kumtambua mgonjwa kwa jina na tarehe ya kuzaliwa kabla ya kumpa dawa, kumweleza kila unachotaka kufanya na kumwomba ridhaa. Mtahini hutoa alama kwa anachokiona na kukisikia, kwa hiyo ujuzi uliobaki kichwani hauhesabiwi.

Waajiri wengi wa huduma ya afya ya umma ya Uingereza huwalipia wauguzi wanaowaajiri kutoka nje gharama za mtihani huo wa vitendo, na baadhi hulipia hata nauli. Mwenye lengo la ajira tu, basi, anaweza kupita njia hii kwa gharama ndogo kuliko ada ya uzamili.

Lugha: alama mbili tofauti

Katika mtihani wa Kiingereza wa IELTS, vyuo vingi hukubali wastani wa alama 6.5 kwa uzamili wa uuguzi, ingawa vingine hudai 7.0. NMC hudai alama 7.0 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Hivyo mwanafunzi anaweza kukubaliwa na chuo kwa alama ambazo baraza halizikubali. Upo pia mtihani wa OET, ambao maswali yake hutokana na mazingira ya hospitali. Humo NMC hudai daraja B katika stadi tatu na C+ katika kuandika. Wauguzi wengi huona mada zake zimekaa karibu zaidi na kazi yao. Matokeo ya mitihani yote miwili hutumika kwa miaka 2.

Muuguzi wa Afrika Mashariki ana changamoto yake ya pekee hapa. Amefundishwa kwa Kiingereza na huandika faili la mgonjwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa humpokea kwa Kiswahili. Anajua kuandika kwa Kiingereza kwamba mgonjwa ana upungufu wa pumzi, ila hajazoea kumtuliza kwa lugha hiyo mtu anayeogopa kufa. Mazoezi ya mtihani yaelekezwe huko: kueleza, kufariji, kuuliza kwa upole na kupokea hasira ya ndugu wa mgonjwa.

Hesabu ya fedha

Ada ya mwanafunzi wa kigeni kwa uzamili wa mwaka mmoja katika vyuo vya Uingereza aghalabu huzidi pauni 15,000. Juu yake kuna ada ya viza, nauli, pango na chakula. Kuna pia tozo ya huduma ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na hulipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba viza. Waombaji wanaotoka Tanzania na Kenya kwa zaidi ya miezi 6 hutakiwa pia kupimwa kifua kikuu katika kituo kilichoidhinishwa. Na mwombaji viza anayetakiwa kuonesha fedha za kujikimu lazima fedha hizo ziwe zimekaa katika akaunti kwa siku 28 mfululizo. Fedha za kuazima kwa siku mbili tatu ili zionekane kwenye taarifa ya benki hazikidhi sharti hilo, na zinaweza kuliangusha ombi zima.

Kauli inayopotosha zaidi ni ile isemayo kwamba ada italipwa kwa kufanya kazi hukohuko. Tuipime kwa hesabu. Mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kima cha chini cha mshahara kwa mwenye umri wa miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025. Kwa saa 20, wiki moja huleta pauni 244.20. Akifanya kazi wiki zote 52 bila kuumwa hata siku moja, atapata pauni 12,698.40. Kiasi hicho hakifikii ada ya pauni 15,000, na bado hajalipa pango, hajala, wala hajatuma hata senti nyumbani. Huenda ikadhaniwa kwamba likizo ndefu ya kiangazi itaziba pengo, lakini kwa mwanafunzi wa uzamili kipindi hicho kwa kawaida ndicho cha tasnifu, na huhesabiwa kuwa muda wa masomo.

Kazi inayopatikana kwa wengi ni ya msaidizi wa huduma: kuogesha wazee, kubadilisha mashuka, kulisha wasiojiweza. Ni kazi ya heshima, na muuguzi anayejua thamani ya mwili wa mgonjwa haidharau. Hata hivyo, haimpi leseni, na kwa wengine huumiza moyo kupokea maagizo kuhusu yale waliyowafundisha wanafunzi wao nyumbani. Afadhali kulijua hilo mapema na kuliafiki kuliko kulikuta.

Viza na familia

Kwa kozi zinazoanza tangu tarehe 1 Januari 2024, mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani haruhusiwi kuongozana na mwenzi wala watoto, isipokuwa katika hali chache, kama vile kufadhiliwa na serikali. Wenye ruhusa hiyo kwa upana zaidi ni wanafunzi wa shahada za utafiti. Muuguzi mwenye mtoto mchanga, kwa hiyo, hana budi kupanga kabla ya safari nani atamlea mtoto kwa mwaka mzima. Aidha, tangu Julai 2023 mwanafunzi hawezi kuigeuza viza yake kuwa ya kazi kabla ya kumaliza masomo. Kuacha shule katikati ili kukimbilia ajira si njia tena, na aliyejaribu hujikuta amepoteza ada na viza kwa pamoja.

Ufadhili

Zipo fursa ambazo hazihitaji kuuza kiwanja. Ufadhili wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja, nauli na posho ya kujikimu. Hudai uzoefu wa kazi wa angalau miaka 2, na humtaka mhitimu arudi nchini kwake kwa angalau miaka 2 baada ya masomo. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ulioasisiwa mwaka 1959, nao hupokea waombaji wa Tanzania, Kenya na Uganda katika nyanja zinazogusa maendeleo, afya ikiwamo.

Wauguzi wengi hawaombi kwa kudhani kwamba fursa hizo ni za madaktari na maofisa wa wizara. Dhana hiyo haina msingi. Wafadhili hutafuta mtu anayeweza kulieleza tatizo moja halisi la nchi yake na jinsi atakavyolishughulikia akirudi. Muuguzi aliyeshika zamu za usiku katika leba yenye vitanda vichache kuliko akina mama ana jambo la kueleza. Anachohitaji ni kulieleza kwa mpangilio, kwa takwimu za wodi yake, bila kulalamika na bila kujisifu.

Uzamili humwongezea muuguzi nini?

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa uzamili hautoi leseni, una faida gani? Faida ipo, na mfano mmoja unatosha kuionesha.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham cha Uingereza na kufanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Uliwahusu akina mama zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Swali lake lilihusu kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, hatari ambayo kila mkunga anaijua. Katika hospitali za kundi la majaribio, mama aliwekewa shuka la plastiki lenye mfuko wenye alama za mililita, ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Damu ilipozidi kiwango, mkunga alianza hatua zote kwa pamoja: kusugua mji wa mimba, kutoa dawa za kuusaidia ujikaze, kutoa dawa ya traneksamiki asidi, kuweka dripu, kumchunguza mama na kuita msaada.

Mkunga yeyote anaweza kusimuliwa matokeo ya utafiti huo. Aliyesomea utafiti huuliza maswali zaidi. La kwanza: kwa nini kura ilipigwa kwa hospitali nzima na si kwa mama mmoja mmoja? Ni kwa sababu mkunga akishafundishwa mbinu mpya hawezi kuisahau anapohamia kitanda cha pili, na makundi mawili katika leba moja yangechanganyika.

La pili: faida iliyopatikana ni kubwa kiasi gani? Madhara yaliyopimwa, yaani kutokwa damu lita 1 au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa sababu hiyo, yaliwapata asilimia 1.6 ya akina mama katika kundi la majaribio, na asilimia 4.3 katika kundi la huduma ya kawaida. Magazeti husema madhara yalipungua kwa asilimia 60, na ni kweli. Lakini msimamizi wa wodi anahitaji kuisoma hesabu hiyo kwa namna nyingine pia: kati ya akina mama 1,000, waliopata madhara walikuwa 16 badala ya 43. Hao 27 wa tofauti ndio wanaomsaidia kumshawishi mganga mkuu anunue mashuka hayo.

La tatu: ni lipi hasa lililoleta tofauti? Sehemu kubwa ilitokana na kupungua kwa damu nyingi kupita kiasi, kwa hiyo asiharakishe kudai kwamba vifo peke yake vilipungua kwa kiwango hichohicho. La nne: tatizo lilikuwa wapi mwanzoni? Katika huduma ya kawaida, waliotambuliwa ni takriban nusu tu ya akina mama waliokuwa wakitokwa damu nyingi, yaani asilimia 51.1. Penye kupima kwa mfuko, waliotambuliwa walikuwa asilimia 93.1. Aliyepatikana na upungufu hapa ni jicho linalokisia, na wala si uzembe wa mkunga.

Huo ndio ujuzi ambao uzamili mzuri hujenga: kusoma ushahidi, kuuhoji, kuupima kwa mazingira ya wodi yako, na kuusimamia hadi uwe desturi ya zamu zote. Ni ujuzi usioonekana kama sindano, lakini humfikia mgonjwa. Mama anayemwita muuguzi wake "sista" hajui amesoma wapi. Anachojua ni kwamba damu yake ilipimwa na msaada ukaja mapema.

Ni haki pia kusema kwamba ujuzi huu haupatikani ng'ambo pekee. Masomo ya uzamili wa uuguzi hutolewa Muhimbili na katika vyuo vingine vya Afrika Mashariki, ambako mwanafunzi hujifunza kwa wagonjwa wa mazingira yake na kwa leseni aliyonayo tayari. Mwenye kutaka ubobezi wa vitendo, kwa mfano huduma ya wagonjwa mahututi, huenda akapata mazoezi mengi zaidi hapa kuliko katika programu ya ng'ambo inayomweka mbali na kitanda cha mgonjwa.

Nchi inayobaki nyuma

Mei 2010 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za maadili kuhusu uajiri wa watumishi wa afya kutoka nchi moja hadi nyingine. Chini ya kanuni hizo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2023 orodha ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi, na Tanzania ni mojawapo. Waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi kwenda kuzisaka nguvu kazi katika nchi hizo. Kanuni hizo hazimzuii muuguzi kuomba kazi mwenyewe wala kwenda kusoma, maana haki yake ya kusafiri inabaki palepale. Lakini wakala anayekuja Tanzania kukusanya wauguzi kwa niaba ya hospitali ya Uingereza anakwenda kinyume cha utaratibu. Anayemtoza muuguzi pesa ili ampatie kazi hiyo anastahili kutiliwa shaka zaidi, kwa kuwa sheria ya Uingereza inakataza wakala wa ajira kumtoza mtafuta kazi ada ya kutafutiwa kazi.

Kurudi nyumbani

Aliyeajiriwa serikalini aombe ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya kuondoka na asubiri jibu. Anayeondoka bila ruhusa huhesabiwa mtoro kazini, na kurejea kwake huwa kugumu hata awe na shahada nzuri. Leseni ya nyumbani isiachwe ikafa, kwani baraza la ng'ambo huuliza kuhusu uhai wake, na utaihitaji siku utakaporudi. Shahada ya nje hutambuliwa kwa kuwasilishwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na sifa mpya hupelekwa pia kwenye baraza la taaluma. Ni busara kuulizia mapema, kwa mwajiri na kwa baraza, kama ubobezi unaoukusudia una nafasi katika muundo wa utumishi. Shahada isiyo na nafasi inaweza kumrudisha mhitimu kwenye dawati na daraja lilelile aliloliacha.

Kabla ya kulipa ada

Mwombaji ajiulize maswali haya na ayaandikie majibu:

1. Lengo langu ni elimu, ajira ya ng'ambo, au vyote viwili? Nikiwa na lengo la ajira tu, kwa nini nisianze na NMC?
2. Je, chuo kimenijibu kwa maandishi kama programu hii humstahilisha mhitimu kusajiliwa?
3. Alama zangu za Kiingereza zinatosha kwa chuo tu, au pia kwa baraza?
4. Nikiondoa kabisa kipato cha kazi ya muda, nina fedha za kumaliza mwaka?
5. Nani atawalea watoto wangu, na nani atalipa mkopo nikichelewa kupata kazi?
6. Ni tatizo gani la wodi yangu ninalotaka kulisoma, na nikirudi nitalifanyia nini?

Familia nayo ina haki ya kuyasikia majibu hayo katika kikao kilekile inapotolewa michango. Muuguzi anayewaeleza wazee wake bila kuficha, kwamba atarudi na shahada na kwamba leseni ni safari nyingine yenye mitihani yake, huenda akapata mchango mdogo kidogo. Lakini atasoma kwa utulivu bila kudaiwa mshahara ambao hakuna aliyemwahidi. Na aliyelijibu swali la sita kabla ya kupanda ndege tayari ameanza kuandika tasnifu yake.